Tanbihi ya Thelathini na Moja

Baba alinifundisha kusoma karatasi ya mshahara
kutoka chini kwenda juu.
"Juu wanaandika jina lako vizuri," alisema,
"chini ndiko wanakokula."

Basi ripoti ya mwaka ya Ostrell Metali,
kurasa mia mbili na kumi na mbili,
naianza nyuma.

Saa tatu usiku, Katuba. Umeme umekwenda zake tangu jana,
kompyuta imebakiwa na asilimia kumi na tisa,
na London wanataka jibu langu kabla soko halijafunguka:
nunua, shikilia, au uza.
Neno moja. Wananilipa vizuri kwa neno moja.

Ukurasa wa kumi na nne: Mkakati.
Nguzo tatu, kila moja na rangi yake.
Kukua. Kubana. Kurudisha.
Kurudisha wapi? Kwa wanahisa, yajibu tanbihi ya tisa,
kwa sauti ya chini kama ya mtu anayedaiwa.

Mapato yamepanda. Gharama ya tani moja imeshuka.
Madeni yanapungua, ukwasi unatosha
(ukwasi! neno tamu hilo, linajaza kinywa kuliko bukari)
na gawio limetolewa, mwaka wa saba mfululizo.
Nimepekua kampuni arobaini kwa miaka kumi.
Hii ni safi kama sahani iliyolambwa.

Halafu tanbihi ya thelathini na moja,
herufi ndogo kama mayai ya chawa:
miamala na jamaa wa karibu.
Kampuni tanzu ya Lubumbashi imeiuza shaba yake yote
kwa dada yake aliye Uswisi, chini ya bei ya soko.
Kobalti imesafiri humo humo
kama mtoto mgongoni, haikukatiwa tikiti.
Mama yao amemkopesha binti yake wa hapa
dola milioni mia sita, kwa riba ya kumi na moja kwa mia.
Kuna ada ya usimamizi. Ada ya nembo.
Ada ya ushauri kuhusu ada.
Mstari wa mwisho: hasara.
Mwaka wa saba mfululizo.

Namsomea baba. Anamega tonge, anachovya,
mkono ungali na kovu la tanuru.
"Mzazi gani anamkopesha mtoto wake kwa riba?"
Namwambia ni halali, wakaguzi wametia sahihi.
"Sikuuliza kama ni halali."

Nje malori yanajivuta kuelekea Kasumbalesa.
Nayahesabu kwa masikio: gia ya kwanza, breki,
gia ya kwanza, breki.
Kampuni yenye hasara miaka saba
haijawahi kukosa dizeli.

Na bomba la Mama Numbi kule Ruashi,
linalotoa maji ya rangi ya chai siku za mvua,
naliweka safu gani?
Si mali. Si deni, maana hakuna aliyeandika kwamba anadaiwa.
Uchakavu umehesabiwa: wa mitambo, wa malori,
hata wa viti vya ofisi.
Kifua cha baba hakikuwamo kwenye orodha ya mali,
kwa hiyo hakichakai.
Anakohoa tu.

Asilimia nne.
Ningependa kusema niliandika *uza*.
Lakini hesabu haina shangazi.
Kwa mwenye hisa kampuni hii ni nzuri,
na ni nzuri kwa sababu ileile.
Naandika: nunua.

Kisha chini kabisa, kule baba alikosema wanakula,
naongeza tanbihi yangu, kwa herufi ndogo kama zao:
*Faida hii inategemea mama kuendelea kumnyonya mtoto,
na mtoto kuendelea kunyamaza.
Hatari: ya wastani. Muda: haujulikani.*

Asilimia mbili. Natuma.

Gizani baba anauliza watanilipa lini.
Tarehe tano, namwambia.
Kwa dola.