Kamera ya Joto, Isevya, Tabora

Saa kumi alfajiri, kabla jua halijavuruga mambo,
Mlekwa wa Mamlaka ya Maji anapita uani kwa Bi Nyamizi
na kamera isiyojali sura, mimi nyuma na sururu.
Kuku: mwekundu. Jiko la jana: bado jekundu.
Nyayo zetu zinawaka nyuma yetu, kisha zinasahau.

Halafu, chini ya mchicha,
ulimi wa buluu.

"Hapa." Nachimba.
Bomba linakohoa.

Miezi minne ankara ilipanda;
majirani wakasema anauza maji usiku.
Mwenyewe alisema mchicha huu,
mbichi katikati ya Oktoba,
ni marehemu anayeumwagilia.

Mwezi huu ankara imeshuka.
Mchicha umelala chini.
Bi Nyamizi anatoka na kopo,
ananyunyiza kidogo,
haangalii mita.