Funguo za Skelby

Tulimzika Jumanne, mvua ikinyesha kwa ubavu
kama inyeshavyo Lincolnshire, bila hasira, bila haya.
Kasisi alisoma majina yake yote sita,
kisha cheo, kisha cheo cha pili,
na jeneza lilipokwama mlangoni mwa kaburi la ukoo
mzee Tebbutt, mtunza bustani, akanong'ona,
"Mgeuzeni kidogo, kama kabati."
Ndivyo Wilfrid Haverholme, Lodi wa saba wa Skelby,
alivyoingia kwa baba zake: kiubavu.

Mimi ni bintiye wa kwanza. Nasema mwenyewe,
maana katika kile kitabu kinene cha nasaba
tumeandikwa kwa herufi ndogo, mimi na Ottilie,
chini ya Crispin
aliyeishi miaka kumi na mmoja na homa ya wiki moja
na hadi leo ametutangulia.

Miaka thelathini na minane baba alipanda treni ya asubuhi
kwenda London, kuketi kwenye ngozi nyekundu ya Baraza la Malodi.
Alisema nini huko? Mitaro.
Mitaro ya kutoa maji mashambani, kina chake, nani alipie.
Wenzake walisinzia. Mmoja alikoroma
mpaka ukimya ukamwamsha.
Damu nzito kuliko maji, wasema watu;
kwetu Skelby maji ndiyo mazito.
Nyanda za chini hazijafurika tangu hapo,
na wakulima wasiompenda walivua kofia Jumanne
macho yao mtaroni, si kwenye jeneza.

Mama alikuwa na nyuki wake,
na chumba cha kaskazini alikohamia baada ya Crispin, asirudi.
Walikutana mezani. "Chumvi, Wilfrid." "Asante, Lavinia."
Mapenzi yaliyofungiwa milango yote
yalijifunza kupita kwenye kichupa cha chumvi.

Mimi alinifundisha madaftari ya kodi,
paa lipi linavuja, mpangaji yupi mwongo na yupi ana njaa.
("Sauti ni ile ile, Hilda. Tazama viatu.")
Nilipotimiza ishirini nilishika funguo zote, arobaini na tatu.
Watu walisema nina akili za kiume.
Walidhani wananisifu.

Ikafika kura ile: je, wanawake waketi nao barazani?
Nilikaa juu, roshani ya wageni, nimevaa glavu za mama.
Baba akainuka. Siku hiyo hakutaja mitaro.
Alisema desturi. Alisema nguzo. Alisema
wanawake wetu wana mamlaka ya kutosha nyumbani,
nami nikasikia funguo zikilia mkobani
ingawa sikuwa nimejitikisa.

Ndani ya treni tuligawana mkate wa yai.
Hakuuliza. Sikusema.
Alinipa kipande kikubwa.

Leo amefika mrithi, binamu Desmond wa Tasmania,
muuza dawa ya minyoo ya kondoo, mtu mwema,
anayeona haya kupewa nyumba asiyoiomba.
Aliuliza bafu liko wapi. Aliuliza, "Na lile joho?"
Nikamtolea sandukuni: jekundu, ukingo wa manyoya meupe,
nondo wamelila hadi ukuta unaonekana.
Akalivaa juu ya sweta.
Tulicheka mpaka tukakaa sakafuni.

Usiku nikafungua shajara za baba. Hali ya hewa,
bei ya shayiri, mbwa amezaa watano.
Siku aliyokufa Crispin: hakuna neno, ila doa la wino,
kana kwamba kalamu ilisimamishwa mahali pamoja muda mrefu.
Na siku ya kura:
*Mvua. Nimesema vizuri. Tumeshindwa.
Hilda hakunitazama hadi Grantham.
Ningekuwa na kura mbili, ya pili ningempa yeye,
naye angenishinda.*

Mwingine angelia. Mimi nilikasirika upya,
hasira safi, kama shuka iliyotoka kufuliwa.
Kura mbili! Alikuwa nayo moja, nami nilikuwa pale.

Asubuhi nilimkabidhi Desmond funguo arobaini na mbili.
Ule wa lango la mtaro mkuu nimebaki nao.
Mvua hii haikomi leo,
na yeye hajui unazungushwa upande gani.