Sapatu ya Sufu

Wahenga walisema moto huzaa jivu.
Wangu huzaa namba.
Nauwasha saa kumi na moja jioni,
Tampere imekuwa giza tangu saa tisa;
nabonyeza kitufe, navaa koti, naondoka.
Asubuhi nakuta jengo zima limeteketea
na kahawa yangu ya jana ingali mezani, baridi.

Ni nyumba ya wazee, ghorofa tatu, kando ya ziwa.
Nimeikata vipande milioni nne,
kila kipande mchemraba wa sentimita kumi,
na kila mchemraba unaulizwa, usiku kucha:
una joto gani? una moshi kiasi gani?
jirani yako amekusukumia wapi?
Hakuna mwali humo. Kuna majirani tu, wakinong'onezana,
na habari hufika darini kabla ya dirishani.

Msanifu, Rasmus Lindqvist, hakuridhika.
"Marjut, moto gani huu wa kijivu?
Tutilie wekundu kidogo, mkutano ni Alhamisi."
Nikamtilia. Rangi haina gharama.
Lakini kinachoua ni kile kijivu,
kinachoshuka polepole hadi usawa wa mto
wa mtu aliyelala.

Mwezi Machi tulichoma kiti cha kweli,
cha kijani, kutoka duka la mitumba,
chini ya bomba la chuma, nyaya za kupimia joto
zikining'inia kama nywele zilizolowa.
Oiva, aliyezima moto miaka thelathini
kabla ya kuajiriwa kuuwasha,
alipiga kiberiti, akarudi nyuma hatua tatu.
Mchoro wangu ulisema: kilele, dakika ya nne.
Kiti kilikaa. Kilifuka. Kilifikiri.
Ya sita tukaanza kutazamana.
Ya saba kikalipuka chote,
sponji ikatiririka sakafuni, inawaka.
"Hakijasoma karatasi yako," Oiva akasema.

Viti vitatu baadaye tulikuwa tumezoeana, mimi na moto,
kama wapangaji wawili wasiosalimiana
ila kila mmoja anajua saa ya mwenzake ya kuoga.

Kisha nikaenda kupima milango.

Ghorofa ya pili, harufu ya supu ya samaki na dawa ya sakafu.
Mlango wa chumba cha tisa umefungwa:
ndivyo nilivyouandika, sifuri, mstari wa mia mbili na kumi.
Pale ulikuwa wazi, upana wa kupita paka,
umezuiwa na sapatu ya sufu, nyekundu, ya mguu wa kushoto.
Elvi Hakkarainen, miaka themanini na minane,
akaniona nimeinama.
"Usiiondoe. Ukifungwa sisikii watu wakipita."
Nikapima. Sentimita kumi na moja.
Mchemraba mmoja, na ziada kidogo.

Usiku ule nilibadili tarakimu moja, sikwenda nyumbani.
Moshi ukatoka jikoni,
ukatambaa dari ya ukumbi kama ada yake,
ukapita milango iliyofungwa bila kugeuka,
ukafika cha tisa, ukapinda.
Mlango uliofungwa ulimpa Elvi dakika ishirini na mbili.
Sapatu ilimpa tatu.

Ningeweza kuandika: mlango ufungwe.
Sheria ingenilinda.
Niliandika: sumaku, iushike mlango wazi,
iuachie king'ora kikilia.
Rasmus alijibu mstari mmoja, kuhusu bei.
Nikamtumia usiku ule wa chumba cha tisa, wote,
bila wekundu.
Bado nasubiri.
Kwenye faili, juu ya mstari wa mia mbili na kumi,
kuna maneno ambayo kompyuta huyaruka:
sapatu ya Elvi, usifute.

Jumamosi nilikwenda kumwashia baba sauna.
Kuni kavu, gome la mbetula, kiberiti,
kijilango cha jiko wazi kidogo.
Haukushika. Mara tatu haukushika.
Nikacheka peke yangu, masizi hadi viwikoni,
mimi ninayeteketeza ghorofa tatu kwa kidole.
Nikageuka kutafuta gazeti jingine,
na nyuma yangu nikausikia ukianza.