Sarafu ya Mia Mbili

Januari walikuja na kamba na vijiti,
wakachora mraba katikati ya mihogo yetu, hapa Kayenze.
Watu wakasema: hawa wamefuata rupia za Mjerumani.
Hata mimi nilisema,
mpaka jina langu lilipoandikwa, la tatu kwenye orodha:
Kabula Nkwabi, mchekechaji udongo,
elfu kumi na mbili kwa siku, na chai.

Kuchekecha nilikujua. Miaka tisa
nimekung'uta mchanga kwenye dagaa.
Dagaa ukikosea, mlaji anauma jiwe.
Hapa ukikosea, alisema Dokta Mabubi,
umemtupa mtu.

Tabaka la juu: vizibo vya soda, betri, mfupa wa sangara.
La pili: mavi ya chuma, meusi, mazito kuliko yanavyoonekana.
La tatu: mifupa ya furu, ya kambale, ya ngege.
Sangara hayumo.
Kumbe ni mgeni wa juzi,
na mimi nimekua nikimdhania mwenye nyumba.

Dokta alikuwa na redio ndogo, aliitundika kwenye mwiko.
Tumechuchumaa, inatusomea dunia:
meli imeonekana chini ya bahari ya baridi,
vikombe bado vimepangwa;
mwezi mwingine, kaburi la jangwani,
na ndani yake mkate aliowekewa marehemu,
hakuula.
Kila mahali, basi, watu wamepiga magoti.
Nasi tumepiga magoti tukapata
vigae.

Vigae vyenye mistari, na kitako kimoja cha chungu
kilichobonyezwa katikati, kishimo cha kutosha kidole.
Kwa nini walibonyeza? niliuliza.
Dokta akakigeuza, akakigeuza tena.
Hatujui, akasema.
Na shule zote zile!
Siku hiyo ndipo nilipoanza kumwamini.

Machi ziwa lilitupandia.
Tuliteka maji shimoni kwa ndoo ya rangi,
vyura wakatucheka wiki nzima.

Juni redio ikasema nyayo:
nchi ya mbali, tope lililogeuka jiwe,
mama amepita na mtoto kiunoni;
wameujua uzito wa mtoto
kwa jinsi mguu wa kushoto ulivyozama.
Dokta akapandisha sauti.

Wiki hiyo hiyo, usiku, wakaja wa rupia.
Asubuhi shimo lilikuwa kama kinywa kilichong'olewa meno:
majembe yamepita tabaka zote tatu,
gunzi la hindi limeachwa ukingoni,
na chini, kwenye udongo mbichi, unyayo.
Yeboyebo. Kisigino cha kushoto
kimeshonwa kwa waya.

Waya ule niliutoa mimi.
Shemeji Shigela, injini yake imeshikwa na watu wa mkopo,
mtoto wake karudishwa shule.
Mguu ulizama sana mbele:
alikuwa anaharakisha, au amebeba
kitu kisichoonekana.

Nani? aliuliza Dokta.
Nikashika brashi.
Hatujui, nikasema,
nikafagia.

Desemba redio ilihesabu mwaka:
ile meli, ule mkate, zile nyayo, fuvu, dhahabu.
Kayenze haikutajwa.
Vigae vyetu, kila kimoja na namba yake,
vililala kwenye maboksi ya sabuni
vikisubiri basi la Dar es Salaam.

Siku ya kufukia, Dokta alisema
lazima tuache sarafu chini kabisa,
ili watakaochimba baada yetu
wajue kwamba tulifika hapa.
Akajipapasa. Pesa zake zote zilikuwa kwenye simu.
Nikafungua pindo la khanga,
nikatoa mia mbili, yenye simba.

Shigela alikuwa ameajiriwa kufukia.
Alisimama na koleo, waya ukimeta kisiginoni,
akaitazama sarafu ikianguka,
ikilala kifudifudi kwenye kona.

Kwa hiyo humu pesa ipo, akasema.

Sasa ipo, nikamjibu.
Tupia udongo.