Wageni Wanalalamika

Saa moja kwa Pandu ni shilingi mia tano.
Kompyuta ya nne, ile ambayo herufi M imefutika,
pangaboi linazunguka kwa kusuasua,
na nje Mwanakwerekwe inauza mihogo na vitasa vya milango.
Mimi najenga bustani ya wanyama.

Nimeshamjengea twiga, nimemjengea dubu mweupe
(theluji niliimwaga kwa kidole, mimi
ninayejua barafu ya ubuyu tu).
Leo namtaka chui.
Si yule wa bara waliyemtia kwenye orodha,
anayelala juu ya tawi kama nguo iliyoanikwa.
Wa kwetu: mdogo, madoa yamesongamana
kama habasoda juu ya mkate,
yule ambaye maofisini wanasema hayupo
na Muungoni hajapata mtu kukubali wala kukataa.

Mchezo unauliza: Mazingira?
Msitu wa mvua. Nyika. Jangwa. Milima. Barafu.
Maweni haimo.
Napanda, nashuka, haimo.
Nani angewaambia, huko walikoketi wakichora,
kwamba ipo ardhi ambayo ni jiwe lenye meno,
na udongo wake wote unaenea kikombeni?

Basi naghushi.
Nachukua mwamba wa pwani ya ugenini,
naupindua, nauzamisha, nauacha uchomoze ncha.
Joto nyuzi ishirini na nane. Unyevu themanini.
Napunguza, nakumbuka vuli, narudisha.
Mkaaga hakuna; naweka kijiti kinachofanana nao
kama watu wanavyofanana na binamu zao.
Jiwe moja nalisogeza kushoto kidogo,
kwa sababu la njia ya kisimani limekaa hivyo
na ugoko wangu una kovu la kushuhudia.

Nampigia mama.
"Lile pango nyuma ya konde la kina Mcha,
mlango wake umeelekea wapi?"
"Unataka kuzika nini?"
"Najenga."
Kimya. Nasikia mchi, nasikia kuku.
"Kusini. Lakini ndani lina kona,
ukichungulia macho hayafiki."
Nalitia kona.

Ustawi wa mnyama: tisini na sita kwa mia.
Sijapata kuiona tisini na sita, hata skuli.
Chui akaingia, akanusa ukuta,
akakojolea kazi yangu ya siku tatu,
akapita nyuma ya jiwe
akawa hayupo.

Hapo ndipo vikaanza vidoto vyekundu.
Mgeni wa mia mbili na kumi: Sioni mnyama.
Mgeni anayemfuata: Nimelipa kiingilio.
Familia nzima yenye kofia za sare:
sioni mnyama, sioni mnyama.
Hazina inashuka. Muuza aiskrimu ameacha kazi.
Mchezo, kwa adabu zake, unanishauri:
punguza majani, toboa pango, weka kioo, weka taa.

Kidole changu kiko juu ya alama ya panga.

Kwetu husimuliwa kwamba chui aliyeonekana
alikuwa wa mtu,
na mwenyewe alitafutwa, kwa mbwa na kwa nyavu.
Basi aliyesalia, kama alisalia,
ni yule aliyejifunza kutokuwa wa mtu.

Naondoa kidole.

"Mwanakombo, dakika tano," Pandu anaita,
hata kichwa hakuinua.
Kijana wa kompyuta ya tatu ameshafungwa mabao sita,
hana tena la kutazama, anatazama kwangu.
"Mbona boma tupu?"
"Si tupu."
Anasogeza kiti. Anakodoa. Midomo imeachana.
Sekunde zangu za kulipia zinakwenda
na mimi namwachia.
"Pale," anasema, "kando ya jiwe. Kimetikisika."
"Ni jani," namwambia.

Upepo niliuzima tangu jana, mashine isije ikakwama.