Mzee Shemndolwa Anameza

Jumapili ya mwisho ya mwezi, saa kumi na nusu,
nyuma ya duka langu la cherehani, Barabara ya Kumi na Nne,
tunapanga vikombe juu ya meza ya kukatia nguo.
Vipande vya kanga tunavisukumia pembeni,
chaki na futi naviweka mfukoni,
kila mtu anatoa alichokificha mwezi mzima.

Sheria ni moja: usitaje chai yako
mpaka kila mdomo umeshaonja.
Haijawahi kufikisha dakika tano.

Bi Mwanashehe hajafungua hata chupa, anaanza:

    Rosela nimekausha, kwa jua la Januari,
    Na mwili inaamsha, haihitaji sukari,
    Presha yangu yaishusha, hivi leo ni hodari,
    Mwezi huu mwajichosha, yenu yote ni habari!

Tunapiga meza. Chai nyekundu kama mhuri wa posta.
Jayanti ananinong'oneza: "Nzuri.
Ila inataka sukari."

Jayanti mwenyewe kaja na sufuria na jiko.
Chai, anasema, haisafiri; ichemke mbele ya macho.
Maziwa ya mbuzi kutoka Pongwe, iliki kaiponda kwa mpini wa kisu.
Anaiacha ipande, ikikaribia ukingo anainua,
ipande tena, anainua,
kama mtoto anayetishiwa kofi asilopigwa.

Nuruana, muuguzi wa zamu ya usiku,
kaleta mchaichai uliojiotea nyuma ya wodi ya wazazi.
"Haya majani yamesikia mengi," anasema,
nasi tunayanywa polepole, kwa adabu.

Mimi nina mkandaa mtupu na ganda la chungwa la Muheza,
nililolianika dirishani hadi likawa soli ya kiatu.

Kisha vikombe vyote vinakwenda kwa Mzee Shemndolwa.

Miaka thelathini na mmoja alikuwa mwonjaji kiwandani, huko juu milimani.
Vikombe mia mbili kwa siku:
avute kwa mluzi, azungushe kinywani, ateme kwenye ndoo.
"Nimetema chai ya kujaza bandari," hutuambia,
"nikastaafu na kiu."
Hapa kwangu ndipo alipojifunza kumeza.

Zamani angekutajia hata mteremko:
hii ya upande wa asubuhi,
hii imechumwa mvua ikiwa bado mgongoni,
hii, jamani, imelala stoo moja na vitunguu.

Leo anavuta. Mluzi ni uleule.
Anafumba macho. "Tangawizi," anasema. "Changa."

Kikombe alichoshika ni cha ganda la chungwa.

Hakuna aliyekohoa.
Feni ikageuza shingo, ikatutazama mmoja mmoja.
Akavuta cha Jayanti: "Na hii ni karafuu."
Jayanti, ambaye hubishana hata na risiti,
akainamisha kichwa:
"Karafuu, mzee. Umenikamata."

Mzee akaweka kikombe chini.
"Acheni," akasema. "Tangu homa ile ya Novemba
pua ilikwenda na haikuaga.
Kila kitu ni maji ya moto.
Ila maji ya moto ya kila mmoja wenu nayajua.
Ya Jayanti mazito, hayataki kuondoka ulimini.
Ya Mwanashehe yanang'ata pembeni.
Ya Nuruana hayana kishindo, kama mtu aliyevua viatu mlangoni.
Na yako, fundi, makali,
kama wewe unapodai pesa yako."

Tukacheka. Bi Mwanashehe akachukua kipande cha kanga
akafuta miwani, ambayo haikuwa na vumbi.

Kura tunapiga kwa vifungo vya mashati.
Rosela ilishinda, mwezi wa tatu mfululizo,
kwa kuwa anayehesabu ni Mwanashehe.
Mzee kifungo chake hakukitumbukiza.
Alikigeuzageuza kwenye mwanga, cheupe, cha matundu manne,
akakitia mfuko wa shati.
"Hiki," akasema, "cha Februari."

Walipoondoka nikaosha vyombo.
Vyetu vilikuwa na masalia, chicha, nusu ya kitu.
Vyake vyote vinne
vikavu hadi chini.