Mkwaruzo

Redio ndogo, Baba huiita hivyo,
ingawa haishiki stesheni hata moja:
kibati cheusi, unene wa sabuni iliyotumika nusu,
Hatibu alikituma kutoka Maskati
na kadi yenye nyimbo elfu mbili
na maneno: "Humo utasikia hata mpiga fidla akivuta pumzi."

Mimi sikusikia pumzi.
Nilisikia mchanga.
Fidla inapanda, inapanda, na pale inapofika kileleni
inapasuka, khaa,
kama doti ya khanga ikichanwa katikati.

Basi, tuanze na lililo rahisi.
Nikabadili hedifoni, nikachukua zangu za dukani,
zile ninazojaribia simu za watu Barabara ya Nane.
Mchanga uleule.
Nikabadili wimbo. Nikabadili mwimbaji.
Nikatoa kadi, nikaipuliza, nikairudisha mpaka ikasema tik.
Mchanga.
Nikamulika tundu la waya kwa tochi:
Tanga hii, chumvi haisubiri kualikwa,
inakula bawaba, inakula antena, inakula meno ya ufunguo.
Nikachovya pamba kwenye spiriti, nikazungusha,
pamba ikatoka na ukijani.
Nikasema nimemshika mwizi.
Sikumshika.

Fundi Kiluvya akaweka sikio moja tu,
akakunja uso kama aliyeng'ata ndimu:
"Kuna kitu kimekufa humu ndani. Niachie hadi Jumatano."
Kwa Fundi Kiluvya kila kitu kimekufa humu ndani
na kila kitu hufufuka Jumatano.

Sikumwachia.

Usiku umeme ukakatika.
Nikapekua menyu kwa kidole gumba, uso umemulikwa na kioo,
mpaka nikafika chumba ambacho sikuwahi kuingia,
pale sauti hupangwa, nene, ya kati, nyembamba,
vijiti kumi vimesimama mstari mmoja.
Vyote juu. Vyote kumi vimegusa dari.
Na nguvu: juu. Na sauti: mia kwa mia.
Wimbo hauna pa kuinukia,
kila ukinyoosha shingo unagonga kichwa,
na ule mchanga ndio kugonga kwenyewe.

Nani kafanya hivi?
Nyumba ina watu wawili.

Nikavishusha, kimoja kimoja, hadi sifuri.
Na wallahi Hatibu hakusema uongo:
mpiga fidla akavuta pumzi,
kiti chake kikalia,
mtu nyuma ya ukumbi akaweka bilauri chini, taratibu,
kama anayeogopa kuamsha mtoto.

Asubuhi nikamvisha Baba mwenyewe.
Amekaa kwenye kigoda, kikombe cha kahawa mkononi,
mikono ile iliyolisha mkonge kwenye korona
miaka ishirini na sita, huko Ngomeni,
mashine inayonguruma hata ukipiga kelele
mwenzako anaona meno yako tu.
Hawakupewa cha kuziba masikio.
Walipewa maziwa, kwa ajili ya vumbi.

Nikabonyeza. Sekunde zikaanza kuhesabika kwenye kioo.
Baba akasubiri.
Akaigonga hedifoni kwa ukucha, mara mbili.
"Sasa umeizima," akasema, kwa sauti kubwa,
sauti ambayo miaka yote hii
nilidhani ni ya ukali.

Nikachukua kibati mkononi mwake.
Nikapandisha kijiti cha kwanza, nikamtazama usoni.
Cha pili. Cha tatu. Hakuna.
Kwenye cha saba ukope ukacheza.
Cha nane, kidole chake kikaanza kugonga kikombe,
kikifuata dumbaki, nyuma kidogo, kikakimbia kuifikia.
Cha tisa.
Cha kumi, na mchanga ukarudi,
niliusikia kutoka mkekani nilipoketi,
ukimwagika kando ya mashavu yake, ukijaza ukumbi mdogo,
na Baba amefumba macho.

"Hapo," akasema. "Hapo ndipo.
Usiguse tena."